Je, wajua? Wanafunzi tisa wakisimama kwa mpigo, Spika humpa nani nafasi ya kuongea?

Tuko kwenye mashindano ya wanafunzi wa Marekani ya kuigiza bunge. Hotuba imekwisha, maswali yamekwisha. Spika, ambaye naye ni mwanafunzi kama wenzake, anauliza nani anataka kupinga muswada. Wanasimama tisa kwa mpigo. Hakuna anayenyoosha kidole wala kuita "Mheshimiwa! Mheshimiwa!"; wamesimama tu, kimya. Spika anatupia jicho karatasi yake na baada ya sekunde mbili anataja jina moja. Wanane wanakaa bila kununa.

Amemchaguaje? Kuwahi kusimama hakukumsaidia yule aliyetajwa, wala urafiki. Jibu limo kwenye ile karatasi, na ukishaielewa umeuelewa karibu mchezo mzima.

Mashindano yenyewe ni ya shule za sekondari za Marekani. Wengi huyaita Student Congress, ingawa jina rasmi la sasa ni Congressional Debate. Wanafunzi wa darasa la 9 hadi la 12 huvaa nafasi ya wabunge wa Kongresi: huitana Seneta au Mwakilishi, huleta miswada iliyoandikwa mashuleni kwao, huijadili na kuipigia kura. Chama cha kitaifa kinachotunga kanuni ni NSDA (National Speech & Debate Association). Kilianzishwa mwaka 1925 na Bruno Jacob wa Ripon College, jimboni Wisconsin, na hadi 2014 kilijulikana kama National Forensic League. Kongresi ya wanafunzi iliingizwa kwenye mashindano yake ya taifa mwaka 1938. Ligi za majimbo zina vijikanuni vyao, kwa hiyo namba zilizomo humu ni za NSDA. Anayekwenda kushindana asome kwanza waraka wa waandaaji.

Usiyafananishe na mdahalo wa shule tuliouzoea, ule wa "Mheshimiwa Mwenyekiti, katibu makini, mtunza muda asiye na upendeleo". Kule kuna pande mbili na kila mzungumzaji mkuu anajua amekaa wapi. Huku kila mtu yuko peke yake. Muswada wa kwanza utauunga mkono, wa pili utaupinga, na jirani yako ni mshindani wako hata kama asubuhi nzima mmekuwa mkikubaliana.

Chanzo cha yote ni uhaba wa dakika. Chukua ukumbi wa wanafunzi 18 na kikao cha saa tatu, yaani dakika 180. Toa 20 za kumchagua Spika, kupanga orodha ya shughuli, kupiga kura na mapumziko mafupi. Zinabaki 160. Hotuba ni dakika 3, maswali dakika 1, na kuitwa, kutoka kitini na kurudi hula kama dakika nyingine. Hapo una hotuba 32. Spika hatoi hotuba, hivyo 17 wanagombania 32, na haifiki mbili kwa kila mmoja. Tena hotuba mbili za mwanzo za kila muswada, ya kwanza ya kuunga mkono na ya kwanza ya kupinga, hufuatwa na maswali ya dakika 2, kwa hiyo hata hizo 32 hazitimii.

Ndipo karatasi ya Spika inapoingia. Ina safu tatu tu: jina, idadi ya hotuba alizotoa mtu, na namba ya mfululizo ya hotuba yake ya mwisho. Kanuni ni mbili. Kati ya waliosimama, hupewa aliyeongea mara chache zaidi. Wakiwa sare, hupewa mwenye hotuba kongwe, yaani yule ambaye mara yake ya mwisho kuongea ilikuwa kitambo kuliko wenzake.

Tuseme kwenye muswada wa kwanza wameongea viti namba 7, 2, 14, 9 na 5, kwa mfuatano huo. Muswada wa pili unafunguliwa na wanasimama 2, 5, 7 na 11. Nafasi ni ya 11, kwa kuwa hajaongea kabisa, hata kama amesimama wa mwisho. Kwa upande wa kupinga wanasimama 2, 5 na 7, wote wakiwa na hotuba moja moja. Ya 7 ndiyo kongwe, basi anapewa 7. Baadaye wanaongea 16, 3 na 8, kila mmoja kwa mara yake ya kwanza. Unafunguliwa muswada wa tatu, wanasimama 7 na 8 peke yao. Hapa Spika wachanga hujikwaa. Wanamwona 8 ametoka kuongea sasa hivi, jasho halijamkauka, wanampa 7. Wamekosea: 8 ana hotuba moja, 7 ana mbili. Uchache hutangulia ukongwe, sikuzote. Ukongwe haufunguliwi mdomo mpaka uchache utoke sare.

Kosa la pili la Spika ni kufuta jedwali kila muswada mpya unapofunguliwa. Halifutwi. Linaendelea kikao kizima, vinginevyo mtu mmoja angefungua kila muswada.

Shida iko mwanzoni, wakati wote ni sifuri. Hotuba ya kufungua muswada ni haki ya shule iliyouandika. Kama mwandishi hayupo, yeyote anaweza kuomba kuufungua kwa kufuata jedwali. Kwa hotuba zinazofuata, Spika anatakiwa awe ameshatangaza, kabla kikao hakijaanza, njia atakayotumia kuchagua wakati jedwali ni tupu, na ashikamane nayo. Wengi huandaa orodha ya majina iliyochanganywa bila mpangilio. Asichoruhusiwa ni kumlipa mtu fadhila kwa sababu ameuliza maswali mengi au ametoa hoja nyingi.

Kuna kejeli hapa. Mchezo unaoiga Kongresi umekataa kuiga namna Kongresi yenyewe inavyogawa zamu. Katika Seneti ya Marekani, kiongozi wa chama chenye wengi hupewa nafasi kabla ya wengine wote wanaposimama pamoja. Ni desturi iliyowekwa mwaka 1937 na John Nance Garner, aliyekuwa Makamu wa Rais na hivyo msimamizi wa Seneti. Ukumbi wa wanafunzi hauna chama wala kiongozi wa wengi. Una karatasi tu.

Ukijua karatasi inavyofanya kazi unaanza kuona kwa nini wajanja hukaa pale unapodhani wangesimama. Anayeongea mapema kabisa kwenye muswada wa kwanza hana mengi ya kujibu, lakini amejinunulia hotuba kongwe kuliko zote: duru ya pili ikianza, yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Anayesubiri awe wa mwisho hupata kuupima mjadala wote, jambo ambalo majaji hulipenda, ila ukongwe wake unakuwa mbovu na huenda asiongee tena mpaka kikao kiishe. Hakuna chaguo la bure.

Kwa sababu hiyo hotuba haiandikwi tu, hupimwa na nafasi yake katika mstari. Hotuba ya kufungua inaeleza tatizo, kipengele kwa kipengele muswada unalitatuaje, na ushahidi wenye chanzo na mwaka. Kuanzia hotuba ya tatu au ya nne, anayesimama bila kumtaja aliyemtangulia na kumjibu ameanza kupoteza. Ikifika ya nane au ya tisa, hoja mpya karibu hazina thamani. Kazi ni kuchagua migongano miwili iliyobaki, kuonyesha upande gani umeshinda na kwa nini. Kosa la kawaida kuliko yote ni kusoma hotuba ya kufungua katika nafasi ya tisa. Mtu aliiandika Jumatano, Jumamosi akaipata nafasi akiwa amechelewa, naye akaisoma hivyo hivyo. Majaji wanaisikia mara ya nne.

Dawa ni kuja na vipande badala ya hotuba nzima: kwa kila muswada, hoja mbili za kuunga na mbili za kupinga, kila moja ya kama dakika moja, na nafasi ya kujibu ijazwe ukumbini. Dakika 3 ni kama maneno 400 hadi 450 ya Kiingereza kwa mwendo wa kueleweka. Wanaofanya vizuri hushika daftari la kurasa za manjano lenye vichwa vya hoja tu, kwa sababu anayesoma neno kwa neno hawatazami wenzake, na ukumbi usiotazamwa hausikilizi. Pande pia hupishana, anayeunga kisha anayepinga, kwa hiyo aliyejiandaa upande mmoja tu anaweza kuwa na hotuba sifuri, akawa wa kwanza kwenye jedwali, na bado akakaa. Hesabu hufanywa kati ya waliosimama kwa upande ulioitwa.

Maswali yana foleni yake, inayohesabiwa mbali na ya hotuba. Kwa utaratibu wa majibizano ya moja kwa moja kila muulizaji hupewa sekunde 30, hivyo dakika moja ni waulizaji wawili. Sekunde 30 ni chache mno kwa anayeanza na utangulizi. Swali zuri ni fupi na jibu lake lolote linamgharimu aliye mbele.

Muswada wenyewe ni karatasi ya ukurasa mmoja, mistari ina namba pembeni. Una jina, tamko la kutunga sheria, kisha vipengele: kinachobadilika, maana ya maneno yanayoweza kubishaniwa, wakala wa serikali ya shirikisho atakayesimamia, tarehe ya kuanza kutumika, na mwisho kauli kwamba sheria zinazopingana nao zimefutwa. Azimio ni tofauti: lina "kwa kuwa" kadhaa na "imeazimiwa", na halilazimishi mtu. Miswada dhaifu hufia kwenye wakala na fedha. Mingine inaamuru kisichowezekana, kwa mfano kuziagiza serikali za majimbo zibadilishe saa za kufungua shule. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1992, na tena 1997, kwamba Kongresi haiwezi kuziamrisha serikali za majimbo zitekeleze mipango yake. Mwandishi anayejua mambo hupitia mlango wa fedha: jimbo litakalokataa litapunguziwa ruzuku. Ndivyo umri wa kununua pombe ulivyofika miaka 21 nchi nzima, kwa sheria ya 1984 iliyotishia fedha za barabara kuu, na mahakama hiyo ikaikubali mwaka 1987.

Hoja za utaratibu nazo zinagusa jedwali. Kufunga mjadala kunahitaji theluthi mbili. Wakipiga kura 17, hiyo ni 12, kwa hiyo sita wakikataa mjadala unaendelea. Mara nyingi anayetoa hoja hiyo ni aliyekwisha kuongea. Asiyeongea anaona nafasi yake inazikwa. Lakini kukataa kuufunga mjadala uliochoka kunakula dakika za muswada unaofuata, ambao huenda ndio uliouandaa vizuri. Marekebisho ya muswada huandikwa na kupelekwa kwa msimamizi wa kanuni, mtu mzima aliye ukumbini, aone kama yanahusiana na muswada. Theluthi moja wakiyaunga mkono yanajadiliwa, na hupita kwa zaidi ya nusu. Wale waliozoea Bunge la Dodoma wajihadhari na neno moja: huko Marekani, kuuweka muswada mezani ni kuuweka kando. Hati inayowekwa mezani Dodoma ndiyo kwanza inaanza safari.

Majaji humpa mzungumzaji alama 1 hadi 6 kwa kila hotuba, kisha mwisho wa kikao kila jaji huwapanga nane bora. Waliobaki wote huhesabiwa wa 9. Nafasi hizo ndizo zinazopeleka watu mbele. Ndiyo maana mtu mwenye hotuba mbili kali humpita mwenye tatu za kawaida: hakuna anayejumlisha wingi wa maneno. Msimamizi wa kanuni huwapanga wote, na orodha yake huvunja sare.

Spika naye hupangwa pamoja na wengine, na anaweza kushinda bila kutoa hotuba hata moja. Anapimwa kwa kasi, kwa haki na kwa jedwali lisilo na kosa. Hugonga nyundo yake mara moja dakika moja ikibaki, mara mbili sekunde 30 zikibaki, au kwa namna nyingine aliyoitangaza mwanzoni. Akimwita asiyestahili, yeyote anaweza kusimama na kuomba utaratibu. Spika mzuri hutazama karatasi, husema "nimekosea, ni wa kiti namba 8", na hotuba inaanza ndani ya sekunde tano. Anayejitetea hula dakika mbili, na dakika mbili ni karibu nusu ya zamu ya mtu.

Kikao kipya kikianza, karatasi inatupwa. Viti hupangwa upya, Spika mwingine huchaguliwa, wote wanarudi sifuri. Aliyekalia hotuba yake asubuhi nzima akingoja nafasi bora zaidi hana cha kuhamishia mchana.