Abbott anafaa kuongoza Australia? Walibishana miaka minne wakipima vitu sivyo

Nikifundisha habari za upinzani kwenye mabunge yenye asili ya Uingereza namtumia sana Tony Abbott wa Australia, na wanafunzi wananishangaa, wanasema mwalimu mbona kuna watu wakubwa kuliko huyo. Wapo. Ila sijapata kesi nyingine safi kama hii, mtu kabishaniwa karibu miaka minne kama anafaa kushika nchi au hafai, upande mmoja unaapa kwamba huyu akiingia tumekwisha, upande wa pili unaapa kwamba ndo dawa yenyewe, alafu akapewa nchi kweli na kila mtu akaona. Wengi wanaobishaniwa hivo hushindwa uchaguzi, kwaiyo ubishi unabaki hewani milele.

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo, maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini walikuwa wanagombana hivo. Australia hakuna rais wa kupigiwa kura. Mwananchi anachagua mbunge wa jimbo lake, bunge la chini wakati ule lilikuwa na viti 150, kambi ikipata wengi basi kiongozi wake ndo waziri mkuu, imeisha hiyo. Sisi Tanzania mpaka 2020 tulizoea kuona Kiongozi wa Upinzani Bungeni na mawaziri vivuli wake pale Dodoma, ila hata wangeongezeka viti vipi, Ikulu ina kura yake. Kule Canberra, mji mkuu wa Australia, kiongozi wa upinzani ni waziri mkuu anayesubiri, anakaa uso kwa uso na waziri mkuu, katikati yao ni meza tu, na watumishi wa umma wakati wa kampeni wanaandaa makabrasha mawili kwa ajili ya serikali ijayo, jekundu kama chama cha Labor wakishinda, la bluu kama ni chama cha Liberal na wenzao wa National. Alafu kupiga kura ni lazima kisheria tangu 1924, usipoenda unapigwa faini. Hii ina maana vyama vinamtafuta mtu ambaye siasa hata haifuatilii, anaenda kupiga kura kwa sababu ni lazima, na mtu wa hivo humchoshi na majedwali ya bajeti, unamwambia tu: huyu jamaa mtazame vizuri, unamwamini?

Sasa Abbott. Tarehe 1 Desemba 2009 chama chake cha Liberal kilikuwa kinatafunana chenyewe juu ya mswada wa Kevin Rudd, waziri mkuu wa Labor, wa kulipisha viwanda kwa hewa ukaa. Malcolm Turnbull aliyekuwa kiongozi alitaka wauunge mkono, wenzake wakachachamaa, kura ikaitishwa, raundi ya kwanza Joe Hockey akatoka, ya pili Abbott 42 Turnbull 41. Kura moja! Labor hawakuficha furaha yao, waliona wameletewa mpinzani wa kuchinja.

Na ukisikiliza hoja zao unaelewa walikotokea. Jamaa alisomea upadri seminari ya Manly pale Sydney akaacha njiani, alikuwa bondia Oxford, magazeti yalikuwa yanampiga picha kila siku na kichupi chekundu cha kuogelea akijitolea kwenye uokoaji wa ufukweni, na alipokuwa waziri wa afya msimamo wake kuhusu utoaji mimba ulimponza mpaka bunge likapiga kura mwaka 2006 kumnyang'anya waziri mamlaka ya kuzuia kidonge cha kutoa mimba cha RU486. Wakamwita mtawa kichaa. Hoja ikawa hivi: mtu mwenye imani kali namna hii na mdomo usio na breki hawezi kupewa nchi. Upande wake wakajibu kwamba huyu kaenda Oxford kwa skolashipu ya Rhodes, kashika wizara ya afya chini ya waziri mkuu John Howard kuanzia 2003 mpaka 2007, anajua serikali inavyoendeshwa, na mwanaume anayeamka alfajiri kuendesha baiskeli na kuzima moto wa msituni kwa kujitolea ana kasoro gani?

Mnaona tatizo? Wote wanaongelea utu wake. Kama una kadi ya Labor imani yake ni hatari, kama una kadi ya Liberal imani yake ni uadilifu, ni kitu kilekile kimoja. Ubishi wa namna hiyo hauwezi kuisha kwa sababu hakuna ushahidi utakaomhamisha mtu.

Ila vitu vya kupimika vilikuwepo, tena mezani kabisa. Mei 2010 Abbott alihojiwa na Kerry O'Brien wa ABC, shirika la utangazaji la umma, akabanwa kuhusu ahadi ya kutoongeza kodi ambayo aliigeuka muda mfupi tu baadae kwa kutangaza tozo kwa makampuni makubwa ili kulipia likizo ya uzazi. Akakiri mwenyewe, kwa maneno yake, kwamba yale ya kuchukuliwa kama injili ni yaliyoandikwa na kuandaliwa, mengine yanatoka kwenye joto la mazungumzo. Labor waliishika ile klipu kama tangazo la kampeni, mwongo huyu kakiri. Mimi naiona tofauti kidogo. Kwangu haikuwa habari ya uongo, ilikuwa habari ya namna anavyofanya kazi, kwamba anaahidi papohapo bila kuuliza wenzake, maana ile sera ya likizo ya uzazi wabunge wake wengi waliisikia kwenye habari kama sisi. Mtu anayeendesha upinzani hivo ataendesha na serikali hivohivo. Hiyo ndo ilitakiwa ibishaniwe, haikubishaniwa.

Kitu cha pili ni hesabu, na hapa naomba mnivumilie maana ndo sehemu ninayoipenda. Uchaguzi wa tarehe 21 Agosti 2010 ulitoa Labor 72, kambi ya Abbott 72, na wengine 6 waliobaki pembeni. Nchi ikakaa bila kujua waziri mkuu ni nani kwa siku 17. Wabunge huru wakasema kabla hatujaamua tunataka Hazina itupitishie hesabu za pande zote mbili. Timu ya Abbott ilikuwa imekataa kupeleka ahadi zake Hazina wakati wa kampeni, wakidai kuna watu ndani wanavujisha, wakatumia wahasibu binafsi. Hazina ilipokaa nazo ikakuta pengo la kati ya dola bilioni 7 na 11 kwa miaka minne. Yaani sio makosa ya chenji! Tony Windsor na Rob Oakeshott wakaenda kwa Julia Gillard, waziri mkuu wa Labor aliyemrithi Rudd, akapata 76 kwa 74, ingawa nisiwadanganye, hesabu hazikuwa sababu pekee, kulikuwa na intaneti ya vijijini na nani ataweza kulifikisha bunge mwisho wa muhula. Bob Katter yeye alienda kwa Abbott.

Sakata hilo lilisaidia kuzaa Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ikaanza 2012, chombo huru ambacho mpinzani anaweza kupeleka sera yake kimyakimya na akaambiwa itagharimu kiasi gani. Ukiniuliza faida iliyobaki ya ubishi wote ule nitakutajia hiyo ofisi.

Kuanzia hapo mpaka 2013 ikawa vita tu. Gillard alikuwa ameahidi hakutakuwa na kodi ya kaboni chini ya serikali yake, akaja kuileta, ikaanza tarehe 1 Julai 2012 kwa dola 23 kwa tani, na Abbott akapata nyundo. Ukweli usemwe, kama mpinzani jamaa alikuwa hatari. Kila wiki yuko kiwandani na kikoti cha usalama na kofia ngumu, sentensi fupi tatu nne, zilezile, futa kodi, zuia boti za waomba hifadhi, lipa deni. Alisema mji wa Whyalla utafutika kwenye ramani kwa sababu ya hiyo kodi, Whyalla upo mpaka leo. Machi 2011 akahutubia maandamano mbele ya bunge huku nyuma yake kuna mabango ya kumwita Gillard mchawi, na Oktoba 9, 2012 Gillard akamjibu bungeni kwa ile hotuba ya kumshutumu kwamba anadharau wanawake iliyozunguka dunia nzima.

Watu wengi huku kwetu wanaijua ile hotuba na wanadhani ilimmaliza Abbott. Wapi. Alishinda. Wapigakura wengi hawakumpenda, kura za maoni zilionesha hivo muda wote, wakampa kura hivohivo, kwa sababu Labor waliokuwa wanasema huyu hafai walikuwa wameshamtoa Rudd Juni 2010 na wakamtoa Gillard Juni 2013 kumrudisha Rudd yuleyule. Utamwambiaje mtu mpinzani wangu hana msimamo wakati wewe mwenyewe umebadilisha waziri mkuu mara mbili ndani ya miaka mitatu? Abbott akapita hapohapo, akaahidi serikali ya watu wazima isiyo na mambo ya kushtukizana.

Tarehe 7 Septemba 2013 akapata viti 90 kwa 55 vya Labor. Lakini angalia siku mbili za mwisho. Hesabu kamili za sera zake zilitoka Alhamisi, na kwa sheria ya utangazaji ya kule, ikifika Jumatano usiku kabla ya uchaguzi matangazo ya vyama kwenye redio na tivii yanazimwa, kwaiyo mpinzani wako hana namna ya kukujibu kwa tangazo. Na usiku wa kuamkia kura akatamka SBS, shirika lingine la utangazaji la umma, kwamba hakuna kupunguza elimu, hakuna kupunguza afya, pensheni haiguswi, kodi ya mauzo haiguswi, ABC na SBS haziguswi.

Mei 2014 bajeti yake ya kwanza ikasomwa. Malipo ya dola 7 kila ukienda kwa daktari, vijana wasio na kazi chini ya miaka 30 wasubiri miezi sita kupata posho, fedha za hospitali na shule kwa majimbo zikakatwa dola bilioni 80 kwa makadirio ya miaka kumi, ABC nayo ikakatwa kabla mwaka haujaisha. Mengi yalikwama seneti, bunge la juu. Januari 2015, siku ya taifa, akampa Prince Philip wa Uingereza cheo cha Sir, akaamua mwenyewe bila baraza lake, na hata wanaompenda wakashika vichwa. Si unaona, ni likizo ya uzazi ya 2010 imerudi na nguo nyingine.

Wafuasi wake wana hoja na sio vizuri kuifunika: kodi ya kaboni aliifuta Julai 2014 kama alivyoahidi, boti zilikoma, mikataba ya biashara na Japani, Korea Kusini na China ilifungwa. Yale matatu manne aliyoyarudia kila siku kwa kiasi kikubwa aliyafanya. Mi nawaambia sawa, ila nchi haiendeshwi kwa yale uliyoyarudia tu, asilimia kubwa ya kazi ni yale usiyoyatarajia na wabunge wako wakukubali ukikosea. Na kwenye hilo waliomhukumu sio Labor. Februari 9, 2015 wenzake walitaka kuitisha kura ya kumtoa, 39 wakaunga, 61 wakakataa, akatoka akasema serikali nzuri inaanza leo, mwaka na miezi mitano tangu ashike madaraka! Septemba 14 Turnbull akambwaga 54 kwa 44. Hakumaliza hata miaka miwili, na sababu aliyoitoa Turnbull ilikuwa kwamba jamaa hawezi kutoa uongozi wa uchumi unaohitajika, yaani swali la 2010 limeulizwa upya na watu wa chama chake.

Mkinibishia kwamba ni Abbott tu, tazameni wengine. Mark Latham wa Labor mwaka 2004, Liberal walimwekea alama ya L ya dereva mwanafunzi kwenye matangazo, kwamba hajakomaa kushika usukani, wakaunganisha na riba za mikopo ya nyumba, alafu yeye mwenyewe siku moja kabla ya kura akampa Howard mkono mlangoni mwa studio kwa namna ambayo kila aliyeiona aliona ubabe. Alishindwa, na Howard akachukua mpaka seneti. Peter Dutton wa Liberal mwaka 2025, polisi wa zamani wa Queensland, Labor walimpiga kwa utu kwa miaka mitatu na haikuwa inafanya kazi sana, kilichomwangusha ni sera, aliwaambia watumishi wa umma warudi ofisini siku zote akaja kuomba radhi katikati ya kampeni, mpango wa vinu vya nyuklia sehemu saba ukabishaniwa bei mpaka mwisho, na hesabu zake nazo zikatoka Alhamisi, tarehe 1 Mei, wakati mamilioni walishapiga kura za mapema. Akapoteza uchaguzi na jimbo lake la Dickson, kiongozi wa kwanza wa upinzani wa shirikisho kupoteza kiti kwenye uchaguzi mkuu.

Kitu kimoja ambacho wachambuzi wengi wanakiruka. Baada ya vurugu zote zile vyama vilibadilisha kanuni. Labor mwaka 2013 waliweka kwamba kumng'oa waziri mkuu kunahitaji saini za asilimia 75 ya wabunge wao, ila kiongozi wa upinzani asilimia 60 zinatosha. Liberal mwaka 2018 waliweka theluthi mbili kumlinda waziri mkuu aliyeshinda uchaguzi, na kiongozi wa upinzani hawakumwekea ulinzi wowote, wingi wa kawaida unamtoa. Kwaiyo kiongozi wa upinzani wa Liberal, huyu anayeambiwa aithibitishie nchi kwamba anafaa, kila Jumanne ya wiki za bunge anaingia kwenye kikao cha wabunge wake akijua nusu yao na mmoja juu wanatosha.