Bei ya kadogo: kwa nini kipimo kinakula pesa za jikoni kuliko duka

Kazi yangu ni kufundisha upangaji wa matumizi ya nyumbani katika vikundi vya akina mama na vijana wa mitaa ya Kisumu na vijiji vinavyopakana na Vihiga, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni duka lipi lina bei nafuu. Huwa ninaomba swali hilo lingoje kwanza, kwa sababu tofauti ya bei kati ya maduka mawili ya mtaa mmoja kwa kawaida ni ndogo, ilhali tofauti kati ya kipimo kidogo na kipimo kikubwa cha bidhaa ileile, pengine ndani ya duka lilelile, inaweza kumaliza robo ya pesa zilizotengewa bidhaa hiyo. Tuseme kibanda kinapima mafuta ya kupikia kwa shilingi 20, na ukiyamimina kwenye chupa yenye alama unakuta ni mililita 60. Hapo lita moja inakugharimu takriban shilingi 333. Ikiwa mtungi wa lita 5 unauzwa shilingi 1,250, lita ni shilingi 250. Familia inayotumia kipimo hicho kimoja kila siku italipa shilingi 600 kwa siku 30, na mafuta hayohayo yakitoka kwenye mtungi yangekuwa ya shilingi 450.

Wanaonunua kwa kadogo, yaani kwa vipimo vidogo vya siku, katika mitaa ya Kisumu kama Nyalenda, Manyatta na Obunga hawakosi akili ya hesabu. Anayelipwa jioni baada ya kibarua ana shilingi 400 mkononi, na humo inabidi apate unga, mboga, makaa na nauli ya kesho. Kumwambia anunue gunia ni kumwambia jambo lisilowezekana. Ndiyo maana siamini sana orodha ndefu za ushauri. Ninaamini kuhamisha bidhaa moja tu kutoka kwenye kipimo cha siku hadi kipimo cha mwezi, kisha kuitumia pesa iliyookolewa hapo kuhamisha bidhaa ya pili.

Ili kujua uanze na ipi, ni lazima upime. Sheria ya vipimo na mizani ya Kenya, Sura ya 513, inatambua kilo na lita, lakini masoko yetu yanaendeshwa kwa gorogoro na kasuku, ambayo ni mikebe ya kupimia, pamoja na ndoo na fungu. Gorogoro inahesabiwa kuwa kilo 2 za mahindi, ila mkebe uliobonyezwa chini hautoi kilo 2, na mkono wa muuzaji unaosawazisha juu ya mkebe una uzito wake pia. Kikundi kikichanga pesa za mizani moja ndogo ya kuning'iniza, kila mwanachama anaweza kupima alichonunua kwa wiki nzima na kuandika bei ya kilo kando ya bei aliyolipa. Wiki moja inatosha. Katika madaftari ninayosomewa, bidhaa zinazojitokeza kuwa na pengo kubwa kati ya kadogo na jumla ni mafuta, sukari na sabuni, na zote tatu zina sifa ambayo naitafuta: zinatumika kila siku na haziozi upesi.

Mtaji wa kwanza mara nyingi hutoka kwenye zamu ya chama, yaani siku yako ya kupokea pesa ambazo kikundi huchangiana, na ningeomba sehemu ndogo ya zamu hiyo iende kwenye mtungi wa mafuta kabla haijaenda kwenye kitu kingine. Lakini akiba hupotea palepale ilipopatikana iwapo mtungi unakaa kando ya jiko, kwa sababu mkono unaomimina kutoka kwenye lita 5 humimina zaidi ya mkono unaomimina kutoka kwenye kikopo. Mimina mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, kisha weka mtungi mbali, juu ya kabati au chini ya kitanda, na chupa isijazwe tena kabla ya siku yake. Sukari vivyo hivyo. Sabuni ya mche ikatwe vipande na kuachwa ikauke kwenye hewa kwa wiki kadhaa, maana sabuni iliyokauka haiyeyuki haraka kwenye maji ya kufulia.

Mahindi yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapa bei inatofautiana kwa msimu pamoja na kipimo. Mahindi ya mvua za masika huanza kuvunwa Kisumu, Vihiga, Kakamega na Busia kuanzia Julai na Agosti, na yale ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huingia sokoni kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Miezi ya Mei na Juni ndiyo migumu, maghala yakiwa yamepungua na mazao mapya yakiwa bado shambani. Gunia la kilo 90 lina takriban gorogoro 45. Ikiwa gorogoro ni shilingi 100 wakati wa mavuno na shilingi 150 miezi ya Mei na Juni, anayenunua gunia mapema na kulifungua Mei anaokoa shilingi 2,250, kabla ya kuondoa gharama ya mfuko wa kuhifadhia na usafiri. Bei hizo ni za mfano, na kila mwaka zina tabia yake; weka za soko lako uone kama pengo linakufaa.

Hata hivyo, anayenunua gunia la mahindi mabichi mwezi wa Agosti, mvua ikiendelea kunyesha, amenunua hasara, na pengine ugonjwa. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika ugali. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kipimo rahisi cha nyumbani ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake na kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, lakini hifadhi ya miezi mingi inataka asilimia 13.5 au chini ya hapo, kwa hiyo yaanike tena juani, juu ya turubai na si juu ya udongo, kabla ya kuyafunga.

Baada ya hapo tatizo ni fukusi na dumuzi. Kwa familia inayohifadhi chakula chake yenyewe napendelea mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye karatasi mbili nzito za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki, kisha hufa, na hakuna haja ya dawa ya unga kwenye chakula utakachokula. Kila karatasi inafungwa peke yake baada ya kukamua hewa, na mfuko usifunguliwe kila siku ili kuchota gorogoro moja. Toa ya wiki mbili kwa wakati mmoja, saga, funga tena. Usisage gunia zima, kwa sababu unga wa posho usiokobolewa una mafuta ya kiini cha mahindi na huanza kuchacha baada ya wiki chache.

Kuna vitu ambavyo sipendekezi vinunuliwe kwa wingi hata kidogo. Nyanya, sukuma wiki, mrenda na managu ni vya kununua vya siku moja au mbili, na mama mboga wa jirani anastahili faida yake, kwa kuwa amebeba hatari ya kuoza badala yako. Anayepita soko la Kibuye mjini Kisumu jioni hupata mafungu makubwa zaidi, wauzaji wakitaka kurudi nyumbani mikono mitupu, lakini nauli ya kwenda na kurudi iwekwe kwenye hesabu. Safari ya matatu kwa ajili ya kilo mbili za vitunguu haijilipi. Safari ya watu watano wa ploti moja, yaani wapangaji wa kiwanja kimoja, mmoja akitumwa na wengine wakimchangia nauli, inajilipa. Watu haohao wanaweza kugawana robota la unga lenye pakiti 12 za kilo mbili, au gunia la sukari la kilo 50, mradi ugawaji ufanywe kwa mizani mbele ya wote na pesa zikusanywe kabla ya kununua.

Moto nao ni bidhaa ya jikoni, na maharagwe ndiyo yanayoula. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu kwa dakika 20. Usipunguze dakika hizo, maana maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na maji yanayochemka sawasawa. Baada ya hapo funika sufuria na uiweke ndani ya kikapu kilichojazwa mablanketi ya zamani au majani makavu ya mgomba, na uifunike kwa mto mzito. Joto lililomo linaendelea kuivisha kwa saa nne au tano bila kaa hata moja. Yachemshe tena kabla ya kuyala, na yasilale humo usiku kucha. Kwa wanaotumia gesi, uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiwa ni kilo 7.2 na mtungi ni wa kilo 6, mizani isome 13.2 kabla hujalipa.

Kadogo ipo hata kwenye simu. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyotumika mwaka 2024, kutoa shilingi 200 kwa wakala kulitozwa shilingi 29, sawasawa na kutoa shilingi 2,500. Anayetoa 200 kila jioni anaacha kwa wakala zaidi ya asilimia 14 ya pesa za chakula. Kulipa dukani kwa nambari ya tili ya muuzaji (Buy Goods) hakumtozi mnunuzi chochote, kwa hiyo mwenye pesa kwenye simu alipe kwa simu, na atoe mara moja kwa wiki zile anazohitaji mkononi. Umeme unakwenda kinyume: tangu Aprili 2023 nyumba ambayo wastani wake wa miezi mitatu hauzidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, na kununua tokeni za umeme kidogo kidogo hakumwadhibu mtu. Wanaoumia ni wapangaji wa ploti yenye mita moja, kwa kuwa matumizi ya milango yote yanajumlishwa na kuipandisha mita hiyo kwenye bei ya juu, hata kama kila mmoja anawasha taa moja tu. Jambo hilo linafaa kuzungumzwa na mwenye nyumba kwa heshima na kwa pamoja, hesabu ikiwa mkononi.

Kwa familia ambayo imeshamudu mafuta na sukari, hatua ninayoipendekeza baadaye ni omena, yaani dagaa wa ziwani. Uvuvi wa omena upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo gorogoro hupanda bei. Nunua mwezi wa Machi, uchague zilizokaushwa juu ya nyavu au vichanja, kwa sababu zilizoanikwa chini hubeba mchanga na unalipia mchanga huo kwa bei ya samaki. Omena kavu barabara huvunjika ukiikunja. Ianike tena nyumbani kwa siku moja, iache ipoe kabisa, kisha uifungie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na uikague kila baada ya wiki mbili, hasa mvua zikianza.