Je, wajua kwa nini siku ya pombe huwa siku ya kuruka ARV?

Saa tatu usiku simu inalia kukumbusha dawa. Mwenye simu ameshakunywa bia tatu. Anafungua kopo, anamimina kidonge kiganjani, anakitazama, kisha anakirudisha. "Leo nimekunywa, nitameza kesho."

Hajasahau, wala si mzembe. Ameogopa. Aliwahi kuambiwa kwamba pombe na ARV zikikutana mwilini zinakuwa sumu, naye anaamini amejikinga.

Imani hii imewakosesha dozi watu wengi wanaoishi na VVU, hata wasio walevi wa kupindukia. Kwa ARV nyingi zinazotumika leo, ikiwemo dolutegravir, pombe haigeuzi kidonge kuwa sumu wala haikimalizi nguvu. Hatari iko kwenye kile kilichorudi koponi. Dawa ikipungua mwilini, virusi huanza tena kuzaliana, na hapo ndipo vinapopata mwanya wa kujenga usugu. Kwa hiyo, hata siku uliyokunywa, meza dawa yako.

Nisieleweke kwamba pombe haina neno. Huumiza ini, na ini hilo huenda tayari linasumbuliwa na homa ya ini aina ya B au C. Anayemeza isoniazid ya kutibu au kuzuia TB akinywa pombe, ini lake linabebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Tena mtu akishalewa, kondomu husahaulika, na tarehe ya kliniki nayo humpita.

Sasa anasaidiwaje? Kwa kumfokea, hapana. Anayekaripiwa leo, mwezi ujao atasema ameacha, na mhudumu hatakuwa na pa kuanzia. Afadhali kuuliza kwa utulivu. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10, liitwalo AUDIT, na matatu ya mwanzo peke yake hufichua mengi: unakunywa mara ngapi, siku ya kunywa unakunywa kiasi gani, na ni mara ngapi unafikisha vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja? Kipimo kimoja hapo ni gramu 10 za kilevi. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Anayesema "tatu tu" ameshafika sita.

Kisha huja swali ninalolipenda kuliko yote.

"Kaka, kuanzia sifuri hadi kumi, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako?"

"Labda tano."

"Mbona tano, si mbili?"

Ananyamaza kidogo. "Mwanangu ananiona nikirudi nimelewa."

Mshauri angemuuliza kwa nini si kumi, angeanza kujitetea. Alipoulizwa kwa nini si mbili, sababu imetoka kinywani mwake mwenyewe, na hiyo ndiyo ya kushika. Kutoka hapo wanapanga mambo madogo: siku zipi hatakunywa kabisa, ale kabla ya kunywa, ajibu nini rafiki akimnunulia nyingine. Kwa dawa ya mara moja kwa siku, aulize kliniki kama anaweza kuhamishia saa ya kumeza asubuhi, kabla pombe haijaanza. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama naltrexone, ingawa haimfai anayetumia dawa za maumivu za jamii ya mofini.

Ila anayeamka akitetemeka na kutoka jasho mpaka apate glasi ya kwanza asikate pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili wake umeizoea kiasi kwamba kuikosa kunaweza kumletea degedege ndani ya siku mbili tatu, na degedege hiyo inaweza kuua. Huyo aende hospitali kwanza, aachishwe akiwa chini ya uangalizi, na ARV zake aende nazo.