Insha ya utafiti wa lugha: anza na dagaa, nadharia itafuata

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, napokea mada ileile iliyobadilishwa maneno mawili matatu: "Athari za Kisukuma katika Kiswahili cha wakazi wa Mwanza". Si mada mbaya. Ni mada ya mtu mwenye miaka kadhaa mbele yake na fedha za kulipa wasaidizi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya lugha ana muhula mmoja, miwili akijaliwa, simu yenye kinasa sauti na nauli ya daladala.

Tena hapo hatujagusa ugumu wenyewe. Mjini hapa wapo Wasukuma, lakini wapo pia Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wakara na Wahaya. Ukimsikia mtu wa Igoma akisema jambo lisilofanana na kitabu cha sarufi, utajuaje kwamba chanzo ni Kisukuma? Huenda mtu wa Mbagala naye analisema hivyohivyo na Kisukuma hajawahi kukisikia. Ukishaandika "athari" kwenye kichwa cha insha, umejitwisha kazi ya kuthibitisha chanzo, na kwa data ya watu ishirini wa mtaa mmoja huwezi. Ndiyo maana insha nyingi za aina hii huishia kuorodhesha maneno yaliyotamkwa kwa l mahali pa r, halafu basi.

Ninachotaka mimi ni swali dogo ambalo ushahidi wake unaupata mwenyewe, unausoma wote na kuumaliza. Nitatoa mfano wa karibu.

Sarufi tunayofundisha inasema kwamba nomino ya mnyama, hata kama umbo lake ni la ngeli ya I-ZI, huchukua upatanisho wa A-WA. Tunasema samaki huyu, samaki hawa, mbwa wangu amepotea. Sasa nenda soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, asubuhi, magunia yanaposhushwa. Utasikia "dagaa hawa", na kabla hujapiga hatua tatu utasikia "dagaa hizi", pengine kwa muuzaji yuleyule. Mwalimu wa sekondari atakwambia la pili ni kosa, na wanafunzi wengi humeza jibu hilo na kupita. Wewe usipite. Jiulize: je, dagaa anaacha kuwa mnyama wakati fulani? Akiwa kwenye wavu ni hawa, akiwa kichanjani anakauka ni nini, na akishafungwa kwenye gunia linalosubiri lori? Au hali ya dagaa haihusiki kabisa, linalohusika ni nani anaongea na nani? Hilo tayari ni swali la utafiti. Lina nomino moja, soko moja na viambishi vinavyohesabika.

Tabu inayofuata ni kumfanya muuzaji aongee bila kumwekea upatanisho mdomoni. Ukimuuliza "Dagaa hizi bei gani?" atakujibu kwa hizi, nawe utarudi nyumbani na data uliyoitengeneza mwenyewe. Mwanaisimu wa Marekani, William Labov, alishakutana na mtego wa namna hii huko New York mwaka 1962, alipotaka kujua nani anaitamka r na nani haitamki. Aliingia kwenye maduka makubwa matatu, Saks, Macy's na S. Klein, la matajiri, la watu wa kati na la watu wa kipato cha chini, akawa anawauliza wahudumu mahali pa bidhaa ambayo yeye alishajua iko ghorofa ya nne. Jibu la Kiingereza, "fourth floor", lina r mbili ndani yake. Kisha alijifanya hakusikia ili walirudie kwa makini zaidi. Akisogea pembeni, anaandika. Kwa njia hiyo alipata watu 264, na hakumwambia hata mmoja kwamba anachunguza matamshi.

Kwa Mwaloni, swali linalofanya kazi hiyo ni la kulinganisha. Simama katikati ya mafungu mawili, onyesha kwa mkono, uliza: "Hapa na pale, tofauti ni nini?" Muuzaji wa dagaa ana maneno mengi ya kusema juu ya hilo. Atakwambia za mchangani na za kwenye chanja, zipi zina mchanga zikitafunwa, wapi wamevuliwa, kwa nini sado hii bei yake iko juu. Ndani ya nusu dakika umeshapata kionyeshi, kiambishi cha kitenzi, pengine na kirejeshi, wala hukutamka upatanisho wowote wewe.

Ila tofauti na Labov, ukitaka kurekodi, mwambie mtu kwamba unarekodi. Chuo kitakupa barua ya utambulisho, utaipitisha ofisi za serikali kwa utaratibu wenu, mwishowe utafika kwa uongozi wa soko. Anza mapema, maana barua inaweza kukaa mezani kwa mtu wiki nzima na hakuna wa kumlaumu. Wasiwasi kwamba watu wakijua wanarekodiwa watabadilisha lugha ni wa kweli, lakini mtu anayepigania bei ya gunia husahau simu yako haraka kuliko unavyodhani. Dakika za mwanzo za kila rekodi zitenge, uone kama zinatofautiana na zinazofuata.

Sasa unukuzi. Andika kilichosemwa, kama kilivyosemwa. Naona wanafunzi wakimsahihisha muuzaji bila kujua, mkono wenyewe unaandika "hawa" pale sikio liliposikia "hizi", kwa sababu miaka yote ya shule mkono umefundishwa hivyo. Sikiliza mara ya pili siku nyingine. Kila mfano upe namba, na kama insha unaiandika kwa Kiingereza au Kifaransa, chini ya mstari wa Kiswahili weka mstari wa uchambuzi wa viambishi kimoja kimoja, ndipo tafsiri. Msomaji wa nje ana haki ya kuona wa- na zi- zimekaa wapi.

Ukishapanga mifano utaona kwamba kuna michanganyo minne: "dagaa hawa wamekauka", "dagaa hizi zimekauka", "dagaa hizi wamekauka" na "dagaa hawa zimekauka". Miwili ya kwanza haina habari kubwa. Insha iko kwenye miwili ya mwisho, na hapa ndipo nadharia inapoingia, si kabla. Mwaka 1979 mwanaisimu Greville Corbett alichapisha hoja kuhusu ngazi ya upatanisho. Nomino inapovutwa huku na umbo lake, kule na maana yake, upatanisho wa maana huwa na nafasi kubwa zaidi kadiri unavyotoka kwenye vivumishi vilivyo ubavuni mwa nomino, kwenda kwenye kitenzi, kwenda kwenye kirejeshi, hadi kwenye kiwakilishi cha nafsi. Ukiileta Kirumba hoja hiyo, inatabiri kitu unachoweza kukihesabu: "dagaa hizi wamekauka" isikike zaidi ya "dagaa hawa zimekauka". Ya kwanza imeanza na umbo ikaishia kwenye maana, ya pili imerudi nyuma.

Hebu ona tofauti na ile sura ya pili tuliyoizoea, kurasa tisa za nadharia iliyochaguliwa kwa sababu aliyetangulia aliitumia, na ikifika sura ya nne haionekani tena. Nadharia isiyoweza kukukatalia lolote kwenye data yako iache. Na data ikimkatalia Corbett, usiifiche, maana hapo umepata zaidi ya ulichokifuata. Angalia tu kwanza kama mifano hiyo yote haitoki kwa mzungumzaji mmoja.

Wa fasihi nao wasijione wamepona. Kosa lao ni wasifu wa mwandishi. Mtu anaandika juu ya mwandishi wa riwaya Aniceti Kitereza, na nusu ya insha tuko Ukerewe tunasoma habari za utoto wake. Jambo la maisha yake linalohusu insha ni moja: riwaya yake aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1980 alikitafsiri mwenyewe. Basi ukisema chochote juu ya mtindo wake, taja unasoma andiko gani, halafu nenda kwenye aya unayoichambua na ukae hapohapo.

Kwenye hitimisho, dai lilingane na ulipofika. Umesikiliza wauzaji wa jumla, sokoni, asubuhi. Usiandike "Watanzania". Usiandike hata "wakazi wa Mwanza", maana mama anayechagua dagaa jikoni Nyakato hukumrekodi. Mapendekezo kwa wizara na kwa wakuza mitaala, ambayo sijui nani alianzisha desturi ya kuyaweka kwenye kila insha, yaache kama mwongozo wa idara yako hauyalazimishi.

Ukija kwa msimamizi mara ya kwanza, usije na utangulizi uliopigwa chapa vizuri. Njoo na ukurasa mmoja wa mifano iliyonukuliwa na sentensi mbili za kinachokushangaza ndani yake. Utangulizi tutauandika ukishajua insha inasema nini, na hilo kwa kawaida hujulikana baada ya jedwali la mifano kukamilika.