Masta ya nyuma ya jukwaa, na kwa nini usifungie viazi makaratasi yako

Wiki jana baada ya shoo nilitoka na njaa yangu nikanunua viazi karai hapo nje ya ukumbi, nikafungiwa kwenye karatasi kama kawaida, nshakula vitatu ndo naona huu mwandiko naujua. Kukunjua, kumbe ni orodha ya kyu za taa (yani ishara za lini kila taa ibadilike) za shoo tuliyotoka kuifanya usiku huo huo, kyu ya 1 mpaka ya 37, imeandikwa na kijana wangu anayekaa kwenye bodi ya taa. Kamaliza kazi, kampa mama wa viazi. Na ni huyu huyu ambaye tangu Januari ananiandikia "dada nisaidie na mimi nipate masta ya theta ng'ambo".

Basi hii posti ni yake, na nyinyi wengine mlioniuliza swali hilo hilo, maanake nimechoka kutuma voisi za dakika saba.

Kwanza tuelewane. Ukisema masta ya theta watu wanajua ulienda kusomea kuigiza. Mamangu mpaka leo anawaambia majirani nilikwenda Marekani "kusomea sinema", nshaacha kumrekebisha. Mimi kuigiza sijui, ukinisimamisha mbele ya watu natetemeka. Nilichosomea ni kazi ya wale wasioonekana. Kule Marekani digrii yenyewe inaitwa MFA (Master of Fine Arts, masta ya sanaa), mara nyingi ni miaka mitatu, na kwenye fani hii ndo ya mwisho, ukiwa nayo unaweza kufundisha chuo kikuu bila kuhangaika na PhD. Ukiingia unashika njia moja: wabunifu wa mandhari, maleba, taa au sauti, halafu wale wa ufundi wanaofanya mchoro wa mbunifu usimame bila kumuangukia mtu, halafu masteji meneja wanaoendesha shoo usiku wenyewe, halafu wa uongozi ambao shughuli yao ni bajeti, tikiti, mikataba na kubembeleza wafadhili. Hapa kwetu hao wote ni mtu mmoja, na bado atatumwa maji ya kunywa.

Sasa kuingia. Gredi wanaziangalia ndio, lakini kinachokuingiza ni potifolio, yani mkusanyiko wa kazi zako, na mahojiano. Na hapa ndo tunapofelia. Mimi nilikwenda kwenye mahojiano na picha zangu kali, moshi, taa za buluu, waigizaji wamenyoosha mikono, yani nilijiona nimefika. Mzee aliyenihoji akazipitia chapchap kama mtu anayehesabu noti, akaniuliza "picha nzuri, wewe hapa ulifanya nini? Ulianza na wazo gani? Ukabadilisha nini, kwa nini?" Nikabaki kimya. Nitajibu nini na mimi kila kitu nilikifanya kichwani na kwa mdomo, vuta hii, sogeza ile, hapo hapo sawa.

Kilichoniokoa ni daftari la kurasa 48 nililolibeba kwa bahati tu. Lilikuwa la harusi ya binamu yangu Kibokoni, mimi ndo niliyepamba jukwaa la bi harusi, na kwa sababu shangazi yangu ni mkali wa pesa nilikuwa nimeandika kila kitu: mchoro wa jukwaa na vipimo, kitambaa yadi ngapi, taa ngapi na zinachomekwa wapi, mlango upana gani ili kiti kipite, na kurasa mbili nzima nimezikata kwa kalamu kwa sababu bi harusi alibadilisha rangi siku nne kabla. Yule mzee alikaa na lile daftari hata nikaingiwa na wasiwasi, aliuliza kuhusu ule mlango zaidi ya alivyouliza kuhusu shoo zangu zote. Kwa hivo nyinyi mnaopamba kesha na harusi Mji wa Kale na Majengo mkidhani hiyo ni kazi ya kina mama tu, hio ni sinografia, yani ubunifu wa mandhari ya jukwaa, mnaifanya kila wikendi na hamuiandiki.

Darasani nako ni mambo yale yale, kuweka kwa karatasi. Mwaka wa kwanza karibu wote ni kuchora na kutengeneza modeli ndogo ya seti. Uingereza na kwingi kwenye mita wanatumia kipimo cha 1:25, jukwaa la mita 10 linakuwa sentimita 40, linakaa mezani. Marekani ni nusu inchi kwa futi moja, yani 1:24, mimi wa mita nusura nilie. Na usiniambie modeli ni mambo ya wazungu. Kamĩrĩthũ kule Limuru mwaka 1977 wanakijiji walipojenga theta yao ya wazi walianza na njiti za kiberiti chini kwenye udongo, wakapanga ramani, wakatengeneza modeli ndogo, ndo wakajenga kitu cha kukalisha watu zaidi ya 2,000. Serikali ikaja kuibomoa 1982 lakini hiyo ni hadithi nyingine. Njiti za kiberiti hizo, hata bajeti hazihitaji.

Taa ndo somo langu la roho kwa hivo nivumilieni. Karibu kila mwanafunzi wa taa Marekani anaanza na Stanley McCandless, mwalimu wa chuo kikuu cha Yale, mwaka 1932 alitoa kitabu chenye njia rahisi sana: kila eneo la jukwaa lipe taa mbili kutoka mbele, kushoto na kulia, kila moja nyuzi 45, moja rangi ya joto na nyingine ya baridi, uso unapata umbo. Inafanya kazi. Lakini mimi nikaja na swali la kwetu, nina waigizaji watano wamevaa buibui nyeusi wamesimama mbele ya pazia jeusi, McCandless ananisaidia nini? Niliweka taa zake zote vizuri, nikaona nyuso tano zinaelea hewani kama majini wa pwani. Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka, akaniambia nizime za mbele nianze upya. Jibu lilikuwa nyuma: taa kali kutoka juu nyuma ya mtu, inachora ukingo mabegani na kichwani, na nyingine ya pembeni chini chini inayokwaruza kitambaa mpaka uone mikunjo. Hapo buibui ikageuka kuwa kitu, hariri ukaijua hariri na pamba ukaijua pamba. Hilo zoezi moja lilinichukua wiki mbili na michoro kumi na moja, na mpaka leo kila shoo ninayofanya Mombasa natumia ule wa kumi na moja.

Masteji meneja wao wana mtihani wao mmoja mkubwa, ingawa hakuna anayeuita mtihani: leo ukipata malaria, shoo inaenda? Wana faili moja, ndani mna skripti nzima na pembeni kila mwendo wa mwigizaji, kila kyu ya taa na sauti, nani anabeba nini kutoka upande gani. Mtu mwingine wa fani akiifungua aweze kuendesha usiku huo huo. Wakati wa shoo anaongea kwenye hedifoni "stendibai taa 14", kimya, halafu "taa 14, go". Neno "go" halisemwi ovyo kwenye ile laini, nilishaona mtu aliyesema tu kwa kupiga stori na pazia likaanza kushuka.

Usalama nao wanaufundisha kama dini. Mfano tuliopewa ni Iroquois Theatre, Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, jengo halina hata miezi miwili tangu lifunguliwe, cheche ya taa ikashika pazia, pazia la kuzuia moto likakwama njiani, na milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine inafunguka kuelekea ndani, watu wakisukuma haiendi. Wakafa zaidi ya watu 600. Mimi nilikuwa nikisikiliza nikakumbuka kumbi zetu na zile grili zinazotiwa kufuli shoo ikianza ili wazamiaji wasiingie bure. Siku hizi sianzi shoo kabla funguo hazijakuja mkononi mwangu, na nishagombana na wenye kumbi wawili.

Pesa sasa. Yale, ile shule yao ya drama, tangu 2021 haitozi karo baada ya David Geffen kuwapa dola milioni 150. Lakini kuingia kwenyewe ni tundu la sindano. Vyuo vingi vingine Marekani vinakupa kazi kwenye karakana yao ya seti au maleba, wewe unasamehewa karo na kupewa posho, na kwa viza ya mwanafunzi mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Uingereza masta ni mwaka mmoja na kuna Chevening, ufadhili wa serikali yao, ila wanataka saa 2,800 za kazi ulizokwisha fanya, hata za kujitolea zinahesabiwa, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Saa 2,800 utazionyesha vipi kama karatasi zote zimeenda kwa mama wa viazi? Hapa karibu chuo kikuu cha Kenyatta wana idara ya filamu na theta, Dar es Salaam chuo kikuu wana idara yao, na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, si masta lakini mikono yako itajua kazi, kwa maoni yangu anayetoka fomu foo aanzie huko.

Na kama hujafanya hata shoo kumi usiombe kwanza. Nenda Little Theatre Club, nenda Swahilipot, zote hapa Mombasa, panda basi na vikundi vinavyoigiza seti buku (vitabu vya mtihani) vikizunguka mashule, ulale kwenye mabweni, ufunge seti asubuhi na kuifungua mchana. Huko ndo utajua kama wapenda kazi au wapenda kupiga makofi.

Nilivyorudi nilifikiri nitakuja na maajabu, shoo ya kwanza nikaunguza plagi ya ukumbi kwa sababu nilimwachia mtu achomeke pakani (par can, taa za jukwaa) nne za wati 1000 kwenye ekstensheni moja. Soketi ya ampea 13 kwa volti 240 ni wati 3,120, zinakaa tatu, basi. Hesabu ya darasa la saba, na mimi nina masta. Sasa nachora ramani ya umeme kabla ya ramani ya taa.

Maombi ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa kati ya Desemba na Februari, Chevening hufungua Agosti na kufunga mapema Oktoba. Wewe wa bodi ya taa karatasi yako ninayo, ina mafuta lakini yasomeka, uje uichukue. Na wenye harusi mwezi huu pigeni picha jukwaa likiwa nusu, kabla ya kitambaa, vyuma vikionekana.