Acheni kuhesabu jumla ya kilo za baruti

Kila tunapokutana na majirani kabla ya kuanza kulipua mwamba, mtu husimama na kudai baruti ipunguzwe nusu. Majirani siwalaumu, nyumba ni zao. Lakini safari hii dai limetoka kwa mhandisi msimamizi, tena kwa maandishi, na uvumilivu umeniishia.

Mtetemo unaofika kwenye msingi wa nyumba hautokani na jumla ya kilo. Unatokana na kilo zinazolipuka kwa mpigo mmoja. Chukua mashimo 40 yenye kilo 16 kila moja, na nyumba iliyo mita 100. Gawanya umbali kwa kipeuo cha pili cha kilo, pandisha jibu kwa kipeo cha −1.6, zidisha kwa 1140. Yakilipuka yote pamoja unapata kasi ya mtetemo ya takribani milimita 126 kwa sekunde, na hapo kuta ziko hatarini kweli. Yakipishana shimo kwa shimo unapata kama 6.6. Jumla ni kilo 640 mara zote mbili.

Sasa tufike kwenye kinachoniudhi zaidi. "Punguza baruti" bila kugusa mpangilio wa mashimo kunaweza kuongeza mtetemo. Mwamba ulio mbele ya shimo lazima upasuke na kusogea. Ukisogea, sehemu kubwa ya nguvu huishia hapo. Ukiacha nafasi zilezile ukatia baruti kidogo, mwamba hausogei, na nguvu iliyobanwa inarudi ardhini. Ile 1140 ni ya shimo lenye uso huru, yaani upande ulio wazi ambao mwamba unaweza kusogea kuuelekea, katika mwamba wa kawaida. Kwa shimo lililobanwa sana, miongozo ya walipuaji hupandisha hadi 5000, zaidi ya mara nne. Kupunguza kilo nusu kwa hesabu ileile hushusha mtetemo kwa asilimia 43 tu. Piga hesabu mwenyewe uone nani amepata hasara. Anayetaka kilo zipungue kihalali achoronge mashimo membamba, mafupi, yaliyokaribiana, au agawe baruti ya shimo moja kwa tabaka za kokoto, kila kipande na fataki yake (kiwashio cha baruti) na muda wake. Kazi hiyo ina gharama, ndiyo maana msimamizi huona rahisi zaidi kuandika "punguza".

Kuna pia suala la masafa, yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde (Hz), ambalo ripoti nyingi hulitaja kwa mstari mmoja. Nyumba ya kawaida huitikia zaidi kati ya Hz 4 na 12 hivi. Milimita 15 kwa sekunde kwenye Hz 60 si sawa na 15 kwenye Hz 6. Kiwango cha Uingereza, BS 7385, kwa nyumba za makazi huweka kikomo cha kasi kinachoanzia 15 kwenye Hz 4 na kufika 50 kuanzia Hz 40. Wajerumani kwenye DIN 4150 huweka 5 chini ya Hz 10. Tofauti ni mara tatu, kwa nyumba zilezile za matofali! Ile 5 ni kasi ambayo chini yake uharibifu hautarajiwi, haina maana kwamba kwenye 6 ukuta unapasuka. Hata hivyo, nyumba ikiwa juu ya udongo laini mnene, mimi hushika ya Wajerumani, kwa sababu mawimbi hufika pale yakiwa ya masafa ya chini.

Ile kanuni ya milisekunde 8, kwamba mashimo yakipishana hivyo huhesabiwa mbalimbali, siiamini kila mahali. Karibu na mlipuko huwa inafaa. Mbali, mawimbi hurefuka na kupandana. Fataki za elektroniki hunipa muda sahihi, lakini haziniambii muda upi ni bora. Hilo hulipata kwa kulipua shimo moja la majaribio na kupima.

Na mwenyeji anayesema ameusikia mtetemo asiambiwe anazua. Binadamu huhisi hata milimita 0.3 kwa sekunde akiwa nyumbani kwake. Nyufa zake zipigwe picha kabla ya mlipuko wa kwanza, kipima mtetemo kifungwe imara kwenye msingi wake, na ripoti anayopewa ionyeshe kasi ya juu, masafa yake, na kilo za mpigo mmoja. Ripoti yenye jumla ya kilo peke yake airudishe.