Hewa ya ukaa kuwa methanoli: hesabu iko kwenye hidrojeni

Kila nikieleza kazi yangu, kugeuza hewa ya ukaa kuwa methanoli (aina ya alkoholi inayowaka), naulizwa lile lile: kama moshi unageuka kimiminika cha kuuza, mbona viwanda vyote havifanyi hivyo? Basi naanzia jikoni. Hewa ya ukaa ni majivu ya kaboni, imeshaungua. Ukitaka iwake tena, uirudishie nguvu ilizopoteza, na mbebaji wa nguvu hizo ni hidrojeni. Molekuli moja ya hewa ya ukaa na tatu za hidrojeni hutoa methanoli moja na maji.

Kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika, ni vipande vyeusi, vikubwa kidogo kuliko pilipili manga: shaba, oksidi ya zinki na alumina (oksidi ya alumini). Viwanda vinautumia mchanganyiko huu tangu miaka ya 1960. Kabla ya kazi, shaba huwa bado ni oksidi, kwa hiyo tunaipitishia hidrojeni taratibu, imezimuliwa kwa naitrojeni. Mara yangu ya kwanza peke yangu nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, nikafungua vali zaidi. Joto likaruka, chembe za shaba zikashikana mabonge. Kichocheo nilichokiandaa wiki mbili kikawa kokoto tu.

Joto linasumbua hata baadaye. Mmenyuko wenyewe unatoa joto, hivyo unapenda ubaridi. Lakini chini ya nyuzi 200 hivi kichocheo kinasinzia. Tunasuluhisha kwenye nyuzi 220 hadi 260, kanieneo la baa 50 na zaidi (kama mara 50 ya kanieneo la hewa ya kawaida), na hata hapo pito moja hugeuza chini ya theluthi ya hewa ya ukaa. Inayobaki inazungushwa tena. Yale maji nayo huichakaza shaba polepole, na hapo ndipo wengi wetu tunapotokwa jasho.

Iceland waliliweza. Huko Svartsengi, mtambo uliopewa jina la George Olah, mshindi wa Nobel ya kemia 1994, ulichukua hewa ya ukaa ya kituo cha jotoardhi, ikasafishwa salfa kwanza (salfa ni sumu ya shaba), na ukaweza kutoa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka. Ule wa Anyang, China, wa 2022, una uwezo wa tani 110,000, ila hidrojeni yake inatoka kwenye gesi ya tanuri za koki, yaani za kuoka makaa ya mawe. Mimi huo siuiti kijani.

Na hapo ndipo hesabu ilipo: tani moja ya methanoli inataka kilo 189 hivi za hidrojeni. Kuipata kwa kupasua maji kwa umeme ni zaidi ya uniti 9,000 (kilowati-saa), na methanoli utakayopata ina nguvu za uniti 5,500 hivi.

Wenzangu hunitajia Rungwe, mkoani Mbeya, Tanzania, ambako hewa ya ukaa inatoka ardhini yenyewe na kuishia kwenye soda. Kweli, gesi ipo. Mimi nawauliza uniti ya umeme itakuwa shilingi ngapi.